Samaki Asiye na Miba

Watu wengine huogopa nyoka, wengine radi, wengine mama mkwe. Bi Mwiko alikuwa na ugomvi na mwiba wa samaki. Alipika katika kituo cha kulelea watoto wadogo, kile chenye ukuta uliochorwa twiga wa shingo zilizopinda kwa sababu mchoraji aliishiwa nafasi, na tangu siku aliyoshika mwiko wa jiko lile hakuna mtoto aliyekwamwa na mwiba mbele yake. Alilitangaza jambo hilo kwa kila aliyechungulia jikoni, hata fundi aliyekuja kurekebisha bomba na haja yake ni bomba tu.

Ugomvi wenyewe ulianza na mwanawe wa pekee. Alipokuwa mtoto wa kaptura, alibugia kipande cha kibua bila kutafuna, akatoa macho, sauti ikakata. Bi Mwiko alimkamata miguu, akampindua kichwa chini na kumpiga mgongoni mpaka mwiba ukaruka sakafuni. Mwana akapona, mama hakupona. Yule mtoto sasa ni baba wa mtu, ana ndevu na sauti ya kukemea, lakini ukimwekea kibua mezani anahama kiti.

Basi jikoni kukawa na sheria moja ambayo haikujadiliwa. Vibua na dagaa, wenye miba yao midogo ya hila, walikuwa chakula cha walimu, mlinzi na mama wa usafi, watu wenye meno na akili ya kutema. Watoto walipikiwa papa, na papa akikosekana, nduaro: samaki wa kukatwa vipande vinene, nyama tupu, usione mwiba hata ukiutafuta kwa tochi. Na kadiri mtoto alivyokuwa mdogo, ndivyo alivyotafutiwa samaki mkubwa zaidi. Wale wa meno mawili, wanaoanza kula, walipewa kipande cha katikati kabisa. Bi Mwiko alikipika kwa mvuke, akakibandua ngozi, kisha akakipitisha chote kati ya kidole gumba na vidole viwili, tonge kwa tonge, kichwa kimeinama upande kama anayesikiliza mlango. Kazi hiyo hakumwachia mtu mwingine. Mgongo ulimuuma, akaendelea.

Akina mama walimsifu getini. Mmoja alisema mwanawe nyumbani hali mpaka afukuzwe na kijiko, ila kwa Bibi anamaliza na kulamba sahani. Mjukuu wa Bi Mwiko, mtoto wa yule mwenye ndevu, naye alikuwa mumo humo, katika chumba cha wanaojifunza kusema. Bibi alimwita "mume wangu", na mume huyo alikuwa mlafi wa kutupwa. Alikula papa wa bibi yake tangu jino la kwanza.

Ndipo akaja nesi.

Alitoka kliniki ya jirani, mwanamke mpole mwenye sauti ya chini, akaombwa azungumze na wazazi kuhusu chakula cha watoto. Kikao kilifanyika katika darasa lenyewe, wazazi wamekalia viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni. Bi Mwiko alisimama kwenye mlango wa jiko na aproni yake, akisubiri sehemu ambayo angesifiwa. Nesi alizungumza juu ya chumvi, akazungumza juu ya sukari, watu wakasinzia kidogo. Kisha akasema zebaki.

"Mnaijua? Ile iliyokuwa ndani ya vipimajoto vya zamani, inayokimbiakimbia ukiimwaga. Inatoka kwenye moshi wa viwanda na machimbo ya dhahabu, inaangukia majini. Vidudu vya majini vinaimeza, samaki mdogo anakula vidudu, mkubwa anakula mdogo, na kila mmoja anarithi ya mwenzake. Haimtoki kirahisi. Kwa hiyo yule mwindaji mkubwa, aliyeishi miaka mingi, ndiye amebeba ya wote."

"Mkubwa kama nani?" mzazi mmoja akauliza.

"Papa. Nduaro. Wa namna hiyo. Mtu mzima akila mara moja moja, si neno. Lakini ubongo wa mtoto bado unajengwa, na wa aliye tumboni ndio kabisa. Hao tusiwape."

Darasa zima likageuza shingo kuelekea mlango wa jiko.

"Tukimchemsha tukamwaga maji?" akauliza mama mmoja haraka, kama anayetaka kumwokoa mtu.

"Au ndimu," akasema babu wa nyuma. "Ndimu inakata kila kitu."

"Haitoki," nesi akasema. "Imeshikana na nyama yenyewe. Hata ukimpika mpaka kesho."

Mwenyekiti wa kamati ya wazazi akanyanyuka kutoka kwenye kiti chake kidogo, na kiti nacho kikanyanyuka naye, kikabidi kivutwe. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi na mapacha wawili kituoni, na kwa hao kila mtu alimwita Baba Pacha. "Basi ni rahisi," akasema. "Samaki wote marufuku. Tulete soseji."

"Msifanye hivyo tafadhali," nesi akajibu. "Samaki ni chakula kizuri sana cha ubongo. Kuna madini yanaitwa seleniamu, ubongo unayahitaji ili ujilinde. Zebaki ikiingia inayang'ang'ania, kama mgeni anayemshika mkono mama mwenye nyumba asiende jikoni. Mgeni mmoja, nyumba nzima ikalala njaa. Sasa, samaki wengi wa baharini wana seleniamu nyingi kuliko zebaki. Ni kwa hawa wawindaji wakubwa ndipo mizani inaweza kugeuka. Wapeni watoto wadogo samaki wadogo. Dagaa, vibua. Ndio salama yao."

"Wenye miba," akasema Bi Mwiko kutoka mlangoni. Ilikuwa mara ya kwanza anafungua mdomo.

"Wenye miba, ndiyo, mama."

"Kwa hiyo mimi ni mchawi. Semeni tu."

"Jamani, nani kasema hivyo?" Mkuu wa kituo akaingilia, mama mwenye miwani na moyo mwepesi wa kuogopa.

"Shingo zenu zimesema. Basi na mimi nitasema. Chungu nilichowapakulia watoto wenu ndicho nilichompakulia wangu. Sikumpikia wangu pembeni. Aliyeacha moshi wake ukaanguka baharini hakuitwa hapa akalie kiti cha mtoto. Kaitwa mpishi!"

Akaingia jikoni, akakamata sufuria iliyokwisha kuoshwa, akaiosha tena. Alimkasirikia nesi, akawakasirikia wenye viwanda, akamkasirikia papa mwenyewe kwa ulafi wake. Hasira zote hizo zilikuwa za haki, na zote zilimshinda nguvu, kwa sababu chini yake kulikuwa na jambo moja lisilofukuzika. Kwa miaka mingi alikuwa amechagua. Alisimama sokoni, akaacha samaki wadogo, akachukua wakubwa, na wale wakubwa kupita wote akawatenga kwa ajili ya wale wadogo kupita wote. Hakuna aliyemlazimisha. Alilia pale kwenye karo, kilio cha mtu mwenye hasira, cha kufuta pua kwa nguvu na kuendelea kusugua.

Nesi alipotoka, alimkuta Bi Mwiko anamsubiri getini na mjukuu kiunoni. "Huyu," akasema. "Amekula huyu. Niambie ukweli, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

Nesi alimtazama mtoto, aliyekuwa anajaribu kung'oa kalamu yake mfukoni. "Anakimbia? Anataja vitu?"

"Anataja mpaka visivyomhusu."

"Basi mlete kliniki tumwangalie vizuri, lakini usiumize roho. Mwili unaitoa polepole ukiacha kuuongezea. Cha maana ni kuacha sasa."

Sasa. Bi Mwiko alilibeba neno hilo hadi nyumbani.

Jioni ile alinunua vibua na dagaa, akawaleta jikoni kwake kama mtu anayeingiza adui ndani ya nyumba. Mkwewe alimkuta amevaa miwani ya kusomea, anamchambua kibua na kumsema. Jaribio la kwanza lilikuwa aibu, nyama ikaisha na miba ikabaki imesimama. La pili akawatia kwenye sufuria ya presha na nyanya na ndimu, akawasahau kidogo, akarudi. Alipobonyeza uti wa mgongo kati ya vidole, ukasagika. Akabonyeza mwingine, nao ukasagika. Akawaponda wote, akawapitisha kwenye chujio la waya, akarudia kwa vidole tonge kwa tonge, kichwa upande, mpaka akaishiwa matonge ya kukagua. Dagaa nao aliwatoa vichwa na matumbo, akawakausha, akawasaga wakawa unga laini wa kuchanganya na viazi.

Mwanawe aliporudi kazini, aliwekewa bakuli bila maelezo. Akala, akaomba nyongeza.

"Umekula kibua," mama yake akamwambia.

Mwana akaweka kijiko chini, akajishika koo, akatulia, akamtazama mkewe, akamtazama mama yake. Kisha akachukua kijiko tena. "Mama, kwa nini hukuanza na hii?"

"Kwa sababu nilikuwa nakupenda kwa woga," akasema Bi Mwiko, na hakutaka kuulizwa zaidi.

Asubuhi alifika kituoni na ndoo ya vibua. Mkuu alikuwa anamsubiri ofisini pamoja na Baba Pacha. Bi Mwiko akajua kuna jambo, maana Mkuu alikuwa amempangusia kiti.

"Bi Mwiko, tumeafikiana vizuri tu," Mkuu akaanza. "Samaki wadogo wataletwa, hakuna shida. Ila friza imejaa. Papa wa muhula mzima wamo mle, wameshalipiwa. Nesi mwenyewe alisema tusipagawe. Kwa hiyo tumalizie hao kwanza, kidogokidogo, halafu tuanze utaratibu mpya."

"Tumalizie. Nani amalizie?"

"Watoto, si ndio chakula chao," Baba Pacha akasema kwa upole, mtu wa hesabu aliyezoea kumaliza mifuko ya zamani kabla ya kufungua mipya. "Wamekula siku zote hizi, hizi chache zitafanya nini? Mimi wangu nitawafungashia cha nyumbani mpaka friza iishe, msiwe na wasiwasi nao."

Nadhani hakukusudia ubaya. Alilitamka kama mtu anayesaidia, na ndiyo sababu likasikika vizuri zaidi. Mkuu alishusha macho. Bi Mwiko hakukalia kile kiti.

"Wako watakula nyumbani," akasema taratibu. "Na wa yule mama anayeshona, anayemleta mwanawe kabla jua halijachomoza, atafungashiwa na nani? Na wa mlinzi?"

"Tusifike huko, mama yangu."

"Tumeshafika. Mimi nilikosa, na nilikosa sijui. Kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Leo najua, wewe unajua, Mkuu anajua. Nikipakua leo, hilo si kosa tena, lina jina lake."

"Bi Mwiko, usinitie matatani," Mkuu akasema, na sauti yake ilitetemeka kweli. "Kamati inakaa Alhamisi. Kama hutaki kupika kinachotolewa, itabidi uweke funguo za jiko hapa mezani."

"Funguo ninazo kiunoni. Atakayezitaka aje azifungue mwenyewe."

Hakuna aliyekwenda. Bi Mwiko akatoka, akaifunga friza kwa kufuli lake la sanduku la nguo, na siku zile zilizobaki watoto wakala vibua. Wengine waligoma kwanza, wakatema, wakalia, mmoja akampaka mwenzake kichwani. Mume wa Bi Mwiko alikula sahani mbili, lakini huyo si kipimo. Wale wa meno mawili walisagiwa laini kupita uji, na Bi Mwiko alisimama juu yao kila tonge linaposhuka, ameshika pumzi. Woga haukumtoka. Alipika nao.

Mkwewe alimwambia atafute maneno mazuri ya kuiambia kamati. Mwanawe akamwambia aombe radhi yaishe, kazi zenyewe ziko wapi. Akawajibu kwamba radhi ataomba kwa watoto, na watoto hawakai kwenye kamati. Lakini usiku aligeuka kitandani kama chapati, kwa sababu jiko lile ndilo lilikuwa maisha yake, na bila jiko hakujua angeamka aende wapi.

Alhamisi kamati ilikaa ofisini: Mkuu, Baba Pacha, babu wa ndimu, yule mama aliyemsifu Bi Mwiko getini, na mwalimu wa chumba cha wadogo kabisa, ambaye mimba yake ilishaanza kusukuma meza. Kama kawaida ya vikao vile, chakula cha mchana kilitoka jikoni. Kupitia ukutani zilisikika sauti za watoto wakila, vijiko na vurugu.

Bi Mwiko aliingia na sinia. Amevaa aproni safi, kilemba kimekazwa. Akaweka sahani zilizofunikwa mbele ya kila mmoja, akafunua moja moja. Mvuke ukapanda. Vipande vyeupe vinene, vya kupendeza, nyama tupu.

Baba Pacha akakunja mikono ya shati. "Kwa kupika, mama, hatuna neno nawe." Akashika uma. "Huyu ni nani?"

"Papa," Bi Mwiko akasema. "Wa friza."

Uma ukasimama.

"Nesi alisema mtu mzima akila mara moja moja hana neno. Nyinyi ni watu wazima, na hii ni mara moja. Karibuni." Kisha akazunguka meza, akaiondoa sahani ya mwalimu mjamzito na kumwekea bakuli la vibua na viazi. "Wewe hapana, mwanangu. Wewe mko wawili."

Mwalimu akaanza kula bila kumtazama mtu. Wengine hawakuanza. Babu wa ndimu akaisogeza sahani kidogo, kwa ustaarabu, kama anayetafuta chumvi. Mama wa getini akasema alikunywa chai nzito. Mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaifuta tena.

"Mimi leo tumbo," Baba Pacha akasema, "halijakaa sawa."

"Mkuki kwa nguruwe," akajibu Bi Mwiko.

Mtoto mmoja chumba cha pili alisikika akidai nyongeza. Bi Mwiko akaweka sinia chini. "Hakuna madhara, nyinyi mnajua hakuna madhara, na bado mikono yenu imekataa. Mimi siwacheki. Ni mikono yenye akili. Lakini chakula mlichokiogopa leo, mara moja, na nesi kawatoa wasiwasi, ndicho mlichoniagiza niwatilie mdomoni kila wiki watoto wasioweza hata kusema tumbo halijakaa sawa. Sasa nifukuzeni. Semeni nimefukuzwa kwa lipi, nami nikasimame getini niwaambie wazazi kwa lipi."

Aliyejibu ni Mkuu. Aliunganisha vidole vyake juu ya meza vikatulia, na kwa mara ya kwanza tangu kikao cha nesi sauti yake haikuyumba. "Friza itafunguliwa leo na papa watatolewa leo. Asiyetaka aandike kwamba hataki, na atie sahihi yake."

Hakuna aliyeomba kalamu. Bi Mwiko akakusanya sahani moja juu ya nyingine, vipande vizima kama vilivyokuja, akaenda mlangoni.

"Mama," Baba Pacha akaita nyuma yake. Alikuwa anatazama bakuli la mwalimu, lililokaribia kuisha, na harufu ya nyanya ilikuwa imemfikia. "Hao wadogo. Wamebaki?"

"Wamebaki," akasema Bi Mwiko. "Lakini watoto hawajashiba. Subiri."

Akasubiri.